Maputo Sita Msibani

"Toa hayo maputo! Toa sasa hivi, kabla sijayapasua moja moja na sindano!"

"Mama Pacha, subiri kwanza nieleze."

"Ueleze nini? Mtu tumemzika juzi, mama yake huyo hapo amekaa kwenye mkeka, na wewe unapuliza maputo uani kama tuna harusi! Hivi una akili timamu, Mwalimu?"

"Napuliza kwa ajili yake."

"Kwa ajili ya nani? Ya maiti?"

Watu wakaguna. Kwetu ni vyumba saba, lango moja, bomba moja, na kamba za nguo zinazokatiza ua mzima, kwa hiyo ugomvi wa watu wawili haupo. Wakianza wawili, kabla hujafumba jicho wako kumi na watano, na watatu kati yao hawajui hata kilichoanzisha. Siku hiyo mvua ilikuwa imekatika kidogo baada ya wiki nzima, kila mtu yuko nje. Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu cha ususi, mlango wa kwanza ukiingia, mahali ambapo hapiti mtu nisijue anakwenda wapi na amemkasirikia nani. Kazi sikuwa nayo. Toka msiba uingie sikuwa nimeshika kitana.

Mpuliza maputo alikuwa Mwalimu wa kemia, mstaafu, chumba cha tano. Mtaa mzima unamwita Mwalimu Puto. Miaka ishirini na sita alifundisha sekondari hapo nyuma ya kiwanda cha magodoro, na kila mwaka akifikia somo la jinsi atomu zinavyoshikana, anaingia darasani na pakiti ya maputo. Ni mtu asiyeweza hata kukuelekeza bombani bila kukuchorea. Na aliyekuwa anamfokea, Mama Pacha wa chumba cha tatu, alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, na chini ya kitambaa nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. Nusu iliyosukwa ni kazi ya mikono yangu. Hiyo nyingine ilibaki siku aliyokufa Mlinzi.

Mlinzi alikuwa chumba cha nne, kijana wa miaka thelathini na kitu, analinda ghala usiku na kulala mchana. Dirisha lake alikuwa ameliziba kwa maboksi na gundi mpaka kwenye nyufa, maana mwanga ulimnyima usingizi, na chini ya mlango alisukumia blanketi kuukuu ili asiwasikie pacha wakigombana. Siku ile alirudi asubuhi amelowa chapachapa. Mkewe ni mshona nguo, sisi tunamwita Fundi. Akamwachia maharage kwenye bakuli, akafunika kwa sahani, akaenda kibandani kwake kushona. Saa tisa alasiri Mlinzi hajaamka. Saa tisa na nusu mimi na Mama Pacha tukasukuma mlango. Alikuwa amelala chali, bakuli tupu pembeni, uso umetulia kama mtu anayeota ndoto nzuri. Lakini kucha, midomo, viganja, vyote vilikuwa vyekundu, kama vya mtu aliyetoka kuoga maji ya moto. Maiti wa namna hiyo hakuna kati yetu aliyewahi kumwona.

Basi maneno yakaanza, na sitajitoa, nami nilikuwa kati ya waliosema. Mtu amekula, amelala, hajaamka, rangi imebadilika. Kama si sumu ni nini? Na nani alipika? Askari walikuja, wakauliza, wakaandika, wakaondoka. Daktari alitaka kumpasua maiti atazame ndani, mama mtu akakataa katakata: mwanangu hapasuliwi kama samaki. Kwa hiyo karatasi ikaandikwa "sababu haijajulikana", na mtaani kwetu maneno hayo mawili yana maana moja tu.

Toka hapo hakuna aliyegusa chungu cha Fundi. Siku ya pili ya msiba aliwapikia chai watu waliokuja kulia. Ikapoa yote kwenye birika. Akaimwaga mwenyewe mtaroni, sote tunamwangalia, hakuna aliyekohoa. Hakuwasha jiko tena. Na siku hiyo ya maputo, siku ya nne, shemeji zake wawili walikuwa wamekuja na mkokoteni. Walisimama langoni, mikono wamekunja, na neno lao walikuwa wameshalisema: ikifika saa kumi awe ametoka, aache kila kitu cha kaka yao, na asipotoka kwa miguu yake atatoka kwa namna nyingine. Ndani ya mkokoteni kulikuwa na kipande cha bomba la chuma. Hawakukigusa. Walikiweka tu mahali pa kuonekana.

Fundi mwenyewe alikuwa amekaa kizingitini kwake, mikono juu ya magoti. Futi ya kupimia bado ilikuwa shingoni. Nadhani alilala nayo siku zote nne.

"Mwache aseme."

Sauti ilitoka mkekani. Mama yake Mlinzi ni mtu mzima, amekula chumvi nyingi, na toka afike hakuwa amesema maneno zaidi ya ishirini. Sisi tulimwita Bibi.

"Huyu alimfundisha mwanangu," akasema. "Mwache aseme upuuzi wake tumalize. Saa ngapi sasa?"

"Saa tisa, mama," mmoja wa langoni akajibu.

"Basi ana saa nzima."

Mwalimu akachuchumaa mbele ya mkeka. Akafunga maputo sita pamoja kwa vishingo vyao, matano ya bluu na moja jekundu, kisha akayaachia.

"Tazama, mama. Mimi sikuyapanga."

Na kweli, yalijigeuza yenyewe. Moja likapanda juu, moja likashuka chini, manne yakajitandaza pembeni kama watu waliogawana pande nne za njia.

"Kila moja linamsukuma mwenzake mpaka wote wapate nafasi. Elektroni ndivyo zilivyo. Watu wanadhani ni vinukta vinavyozunguka kama nzi. Hapana. Kila jozi ina chumba chake, na chumba kina umbo lake. Vyumba hivyo tunaviita obitali."

"Hata huko wanapanga vyumba?" Mama Pacha akadakia. "Na wenye nyumba wao ni wakorofi hivyo hivyo?"

Mtu mmoja akacheka, akajutia hapo hapo.

"Ndani ya damu kuna chuma," Mwalimu akaendelea. "Kidogo sana, lakini ni chuma kweli. Chuma hicho kina nafasi sita za kushikwa. Tano zimeshikwa na damu yenyewe, haziachii. Ya sita," akagusa lile jekundu, "iko wazi. Hiyo ndiyo nafasi ya pumzi. Unavuta hewa, oksijeni inakuja, inakaa hapo, damu inaibeba mpaka kichwani, inashuka, nafasi inabaki wazi. Kama kiti cha kuazima msibani. Anakaa huyu, ananyanyuka, anakaa mwingine."

Bibi alikuwa anayatazama maputo kama mtu anavyotazama nyoka, akitaka kujua kwanza kichwa kiko upande gani.

"Sasa, mkaa. Mkaa ukiungua mahali palipozibwa, hewa haitoshi. Kaboni ilipaswa kupata oksijeni mbili, inapata moja. Inaishika hiyo moja kwa nguvu, mara tatu." Akaokota kijiti, akachora kwenye udongo uliolowa: herufi mbili na mistari mitatu katikati. Upande wa kaboni akatia nukta mbili. "Na inabaki na jozi hii. Haina kazi. Imetazama nje, inatafuta pa kushika. Ikiingia kwenye damu, ikakuta chuma chenye nafasi wazi..." Akakikamata kile kishingo cha puto jekundu, akakaza ngumi. "Inakaa. Na haishuki."

"Kwa nini haishuki?" Aliyeuliza alikuwa shemeji mdogo, kule langoni. Kaka yake akamtupia jicho.

Na hapo, jamani, nikaona kitu ambacho sitakisahau. Uso wa Mwalimu uliwaka. Katikati ya msiba, na bomba la chuma pale linatutazama, mtu akafurahi kuulizwa swali. Kisha akajishtukia, uso ukazima.

"Kuna nadharia mbili," akasema, sauti chini. "Ya zamani inasema kila atomu inaleta elektroni yake, au mmoja anatoa jozi nzima. Wanakutana mlangoni, wanashikana mikono, basi. Ya baadaye inasema wakishashikana, elektroni si za huyu wala za yule. Zinatandaa nyumba nzima. Kaboni inakipa chuma kwa mbele, na chuma nacho kinairudishia kwa nyuma, kwenye vyumba vyake vilivyokuwa vitupu. Wameshikana mara mbili. Kwa hiyo gesi hii inang'ang'ania damu mara mia mbili na zaidi kuliko pumzi. Mtu anavuta hewa, kifua kinapanda na kushuka, lakini viti vyote vimekaliwa. Analala tu. Na damu iliyoshikwa hivyo, mama, inakuwa nyekundu sana. Kucha. Midomo. Viganja."



"Mwalimu," Bibi akasema. "Mkaa gani? Mwanangu alikuwa amelala. Askari waliuliza kulikuwa na nini chumbani. Wakaambiwa kitanda, nguo, bakuli. Jiko halikuwepo."

Mwalimu akamgeukia Fundi kizingitini. "Waambie habari ya sare."

Fundi akainua uso. Sauti ilimtoka ikiwa imekwaruza, kama ya mtu aliyeamshwa.

"Ilikuwa imekauka," akasema. "Wiki ile hakuna nguo iliyokauka kwenye ua huu, mnajua wenyewe, mpaka nepi zilikuwa zinanuka ukungu. Na yeye alirudi amelowa. Nilipoingia kutafuta nguo za kumvalisha, nikaikuta sare msumarini, kavu kama karatasi. Inanuka mkaa. Jiko letu lilikuwa nje, baridi, limejaa maji ya mvua. Nikajiuliza, sasa hili nimwambie nani? Nani ananisikiliza? Mpaka jana Mwalimu alipokuja kuniuliza."

"Sare kavu!" Mama Pacha akapiga makofi mara moja. "Yaani sasa suruali imekuwa shahidi! Kesho mtaleta na soksi!"

Lakini sauti ilikuwa imemshuka. Akanitazama. Mimi nikatazama kigoda changu.

Niseme tu. Siku ile asubuhi nilikuwa namsuka, kichwa chake magotini kwangu, tunapiga soga, nadhani tulikuwa tunamsema binti wa chumba cha saba. Mlinzi akatoka na sare mkononi inachuruzika. Akamwambia, "Mama Pacha, uji umeiva? Niazime hilo jiko na makaa yake, nikaushe nguo, usiku niko zamu." Mama Pacha akasema, "Chukua baba, lakini usiniunguzie nyumba." Tukacheka. Akalibeba kwa mikono miwili, akaingia, akafunga mlango, na tukasikia blanketi linasukumwa chini. Mchana tulipoufungua, jiko lilikuwa katikati ya chumba, majivu tupu. Kabla watu hawajajaa, Mama Pacha akaliinua akalirudisha kwake. Askari alipouliza kulikuwa na nini, akasema kitanda, nguo, bakuli. Akanigeukia mimi. Nikasema ndiyo, kitanda, nguo, bakuli.

Hatukujua kama jiko linaua. Naapa hatukujua. Tulichojua ni kwamba mwenye kitu kilichokutwa kwa marehemu huulizwa maswali mengi, na Mama Pacha ana watoto wawili wadogo. Tuliona tunapunguza usumbufu. Halafu maneno ya sumu yakaanza, na yalipomwangukia Fundi mimi nikajitia hamnazo. Mimi, ambaye ulimi wangu haujawahi kukaa kinywani hata kwa jambo lisilonihusu, hilo moja nililimeza.

"Jiko lilikuwepo," nikasema.

Mama Pacha akafumba macho.

"Alikuja kuliazima asubuhi, likiwa na moto. Nililiona likiingia. Na tulipomkuta lilikuwa ndani, tukalitoa."

"Nililitoa mimi," Mama Pacha akasema polepole. "Yeye hakuligusa." Akaketi chini palepale alipokuwa amesimama, kwenye tope, kitambaa kikamteleza, na ile nusu ya nywele isiyosukwa ikasimama mbele ya watu wote. Hakujishughulisha kujifunika.

Fundi alitutazama tu, kwanza Mama Pacha, halafu mimi. Nimetukanwa sana maishani mwangu, na watu wenye vipaji vya kutukana. Hakuna tusi lililowahi kuniingia kama lile jicho.

Shemeji mkubwa akakunjua mikono. Nilidhani yameisha. Lakini Bibi alikuwa bado.

"Hapana," akasema. "Mwanangu hakuwa mjinga. Alisoma. Nilimsomesha mpaka akamaliza sekondari, na kemia ndiyo aliyoipenda kuliko yote. Mkaa unaua, wewe Mwalimu unajua, na wewe ndiye uliyemfundisha. Ulimfundisha au hukumfundisha?"

"Nilimfundisha, mama."

"Basi angejua. Mtu anayejua haingii na kifo chumbani akajifungia nacho. Unamtetea huyu mwanamke kwa sababu ni jirani yako."

Shemeji mkubwa akakunja mikono tena.

Fundi ndiye aliyenyanyuka. Akaingia ndani, tukasikia boksi linaburutwa, akatoka na rundo la karatasi zilizotobolewa kona na kupitishwa uzi. Mshonaji anazo hizo, za kukatia vitambaa: kola, mkono, kifuko, pindo. Wengine hukatia magazeti. Fundi alikuwa amekatia daftari.

"Alinipa mwenyewe," akasema, akipiga magoti pembeni ya mkeka. "Alisema karatasi yake ngumu, ipate kazi. Daftari lake la kemia. Jana Mwalimu aliniuliza kama lipo, nikamwambia nimeshalikata lote."

Bibi akanyoosha mkono, akakipapasa kipande cha kwanza kama mtu anayepapasa uso gizani.

"Hili nililifunika mimi," akasema. "Kwa karatasi ya kaki. Huu ni mwandiko wake. Hakujua kuandika kwenye mstari, siku zote unapanda mlima."

Fundi akaanza kuunganisha. Kola ya shati la mtoto, halafu mkono mfupi, halafu kipande cha mfuko, akivisogeza ukingo kwa ukingo mpaka ukurasa mmoja ukarudi. Mistari ya mkasi ilipita katikati ya maneno, lakini mchoro ulionekana. Herufi mbili, mistari mitatu, nukta mbili upande wa kaboni. Mchoro ule ule uliokuwa pale kwenye udongo, hatua mbili kutoka tulipokuwa. Juu yake tiki kubwa nyekundu.

"Mimi macho yangu hayasomi tena," Bibi akasema. "Nisomee, Mwalimu."

Mwalimu akainama, akasoma. Swali: eleza muungano uliopo katika kaboni monoksidi. Jibu: atomu mbili zimeshirikiana jozi tatu za elektroni, jozi moja kati ya hizo imetolewa na oksijeni peke yake, kaboni imebakiwa na jozi moja iliyo huru, inayoweza kushikana na chuma. Maksi nne juu ya nne. Vizuri sana.

"Unaona," Bibi akasema, akamgeukia Fundi. "Alijua."

Kidole cha Mwalimu kilikuwa kimesimama pembeni, kwenye ukingo wa kola, pale kitambaa kingepinda shingoni. Mimi nilikuwa nimeinama nyuma yake, maana ndivyo nilivyo, na macho bado ninayo. Kulikuwa na maandishi madogo ya penseli, yanapanda mlima, na chini yake maneno matatu ya kalamu nyekundu.

Angeweza kuishia pale. Hakuna aliyejua zaidi yangu, na kwa kunyamaza nilikuwa nimeshaonyesha uwezo wangu. Jiko limeshasemwa, sare imeshasemwa. Angefumba ngumi juu ya ile kola na kusema, nadhani alisahau, mama, vijana husahau.

"Kuna kitu kingine," Mwalimu akasema. "Hapa pembeni. Ameniuliza swali." Akakisogeza kipande machoni, ingawa nadhani alikuwa ameshakikariri. "Anasema: 'Mwalimu samahani, gesi hii ina harufu? Mtu atajuaje kama imo chumbani?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimjibu kwa kalamu nyekundu: 'Haitoki kwenye mtihani.'"



"Ina harufu?" Bibi akauliza.

"Haina, mama. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Mtu hawezi kujua. Ingekuwa mstari mmoja tu kuandika. Nilikuwa na madaftari arobaini na tano, na mada mbili hazijakwisha..." Akaacha. "Miaka ishirini na sita nimeichora gesi hii ubaoni. Sijawahi kuwaambia wafungue dirisha."

Sikumwona shemeji mkubwa akitoka langoni. Nilichoona ni bomba linapanda. Mwalimu naye aliliona, na hakuinua hata mkono wa kujikinga. Nikapiga kelele. Bomba likashuka kwenye maputo, mara moja, mara mbili, mara tatu, milio ile ikagonga kuta za vyumba vyote saba, pacha wakaanza kulia, na tope likaturukia usoni. Alipomaliza alikuwa anahema kama aliyekimbia. Puto moja lilibaki, likabingirika mpaka mtaroni, likasimama.

"Weka chini hilo chuma," Bibi akasema.

Akaliweka.

Saa kumi ilifika ikapita. Shemeji za Fundi waliusukuma mkokoteni ukiwa mtupu. Mdogo alirudi mpaka kizingitini, akasimama mbele ya Fundi, akasema "Shemeji," na neno la pili likamgomea. Akaondoka. Hakuna mtu aliyeomba radhi siku hiyo, tusidanganyane. Mimi mwenyewe nililitafuta neno hilo, kinywa changu chote hiki, sikulipata.

Fundi aliingia chumbani. Tukasikia maboksi ya dirishani yanachanwa, moja baada ya jingine, gundi inapiga kelele, kisha mwanga ukaingia mle ndani na mkono wake ukaonekana unatupa vipande nje. Akalimwaga maji jiko lake, akalipangusa, akaliweka katikati ya ua, mbali na kila mlango. Mama Pacha alinyanyuka na tope lake, akaleta la kwake lililokuwa kavu. Fundi akalitazama.

"Hilo sitaki kuliona," akasema.

Mama Pacha akarudi nalo. Mimi nikaleta makaa, nikayaweka chini, nikarudi nyuma. Aliyatumia. Sikuomba zaidi ya hapo.

Alipika maharage. Alipika mengi, chungu cha watu wa msiba, na muda wote huo hakuna aliyekwenda kwake na hakuna aliyeingia ndani. Tulikaa kwenye milango yetu, mikono mitupu, kama tulivyosimama siku ile ya chai. Mwalimu alikuwa kwenye ngazi ya chumba cha tano, anaokota vipande vya mpira vilivyorushwa na bomba, anavipanga kiganjani kwa rangi.

Maharage yalipoiva Fundi akakiinua chungu kwa pindo la kanga yake, akaingia nacho ndani, akaacha mlango wazi. Hakumkaribisha mtu.

Bibi akashika ukuta, akanyanyuka kutoka mkekani. Ilimchukua muda. Zile karatasi tatu alikuwa nazo mkononi, ile kola juu. Akavuka ua, akavuka kizingiti, akaketi. Tukasikia kijiko kinagusa sahani. Tukasubiri, Mungu atusamehe, tukasubiri kuona kama ataanguka. Kikagusa tena.

"Mwalimu," sauti yake ikatoka ndani.

Mwalimu akasimama, vipande vya maputo vikamwagika.

"Naam, mama."

"Mwanangu aliuliza swali. Ingia ule kwanza. Halafu utamjibu."